Kabla Hujamwambia "Acha", Jua Anatumia Nini

Wadogo zangu, leo mambo ya wachumba na mawifi tuyaweke kando. Liko swali lisiloisha kunifikia, na kila likija huja kwa sauti ya chini, kana kwamba muulizaji ndiye mkosaji: "Dada, kaka yangu anatumia. Nitamfanyaje aache?" Wakati mwingine si kaka, ni mume, ni binti wa shangazi, ni mwenzako wa bwenini. Na wapo wanaouliza kwa kuzungukazunguka, kumbe wanajiulizia wenyewe.

Mimi humrudishia muulizaji swali: anatumia nini? Wengi hapo hukwama. "Anatumia tu, dada, hayo madawa." Familia imeshalia, imeshagombana, imeshauza kiwanja, imeshapita kwa waganga, na bado hakuna hata mmoja nyumbani anayejua kama kijana wao anavuta unga, anameza vidonge au anashinda kwenye gongo. Bila kulijua hilo, neno "acha" peke yake linaweza kumuua. Kuna kilevi mtu akikikatiza ghafla ataumwa wiki nzima kisha ainuke. Kuna kingine akikikatiza ghafla, peke yake chumbani, mnaweza kumkuta asubuhi hapumui. Kwa hiyo tukae tuvipitie: kila kimoja kinafanya nini mwilini, na mtu anakitokaje.

Unga

Naanza na heroini, hiyo tunayoiita unga, kwa sababu ndiyo iliyozikausha nyumba nyingi za pwani yetu. Kwetu hailimwi. Chanzo chake kikubwa kwa miaka mingi kimekuwa Afghanistani. Huletwa hadi pwani ya Makran, upande wa Irani na Pakistani, ikapakiwa majahazini na kuvushwa bahari kuja Afrika Mashariki. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata kilo 1,032 ndani ya jahazi moja mashariki ya Mombasa. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini kwa pamoja. Shehena kubwa kama hizo mara nyingi zinapita tu kuelekea nchi za mbali, lakini zinapopita huacha sehemu yake, na sehemu hiyo ndiyo kete zinazouzwa vichochoroni mwetu kuanzia Dar es Salaam na Unguja hadi Tanga, Mombasa na Malindi.

Unga ukifika kwenye ubongo hugeuka kuwa mofini. Huzima maumivu, huleta ule utulivu ambao watumiaji wanauita stimu, na hupunguza mwendo wa pumzi. Ndiyo maana unamwona mtu kasimama wima, kichwa kimeinama hadi kifuani, anasinzia huku sigara inamuunguza vidole. Ubongo ukishauzoea, hautulii tena bila huo unga. Saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho huanza miayo, kamasi, machozi, vinyweleo kusimama. Kisha tumbo linakata, anahara, anatapika, mifupa inauma kama imepondwa, usingizi hauji. Hiyo ndiyo arosto. Hupamba moto siku ya 2 na ya 3, halafu kwa wengi hupoa ndani ya wiki. Mwanzoni alikuwa akivuta apate raha. Sasa anavuta ili asiumwe. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini ameiuza simu ya mama ilhali anampenda mama.

Wengi huanza kwa kuvuta kokteili, yaani unga uliochanganywa na bangi au tumbaku ndani ya msokoto mmoja. Wengine huishia kwenye sindano, kwa kuwa unga ule mdogo ukipita kwenye mshipa hufika haraka na kwa nguvu zaidi. Hapo matatizo huzaana: mishipa kuziba, majipu, maambukizi yanayofika hadi kwenye moyo, virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C. Miaka ya 2000 watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam waliandika kuhusu wanawake waliokosa hela ya kete, wakajidunga damu iliyovutwa kutoka kwa mwenzao aliyetoka kujidunga, wakiamini mna unga ndani yake. Unga ndani ya damu hiyo ni kidogo mno kutuliza arosto, lakini virusi vinahama vyote. Wasichana mnaoletewa sindano na wapenzi wenu kama ishara ya kuaminiana, naomba hilo mlisikie vizuri.

Sasa njooni kwenye jambo ninalotaka mlibebe hadi nyumbani. Arosto ya unga, kwa mtu mzima ambaye anapewa maji ya kutosha na hana ugonjwa mwingine, ni nadra kuua. Hatari kubwa iko mbele yake. Familia inamfungia chumbani, au inampeleka kijijini kwa bibi miezi kadhaa. Anarudi amenawiri, mashavu yamejaa, majirani wanampongeza. Kumbe mwili wake umeshapoteza ule ustahimilivu wa zamani. Siku anapokutana na wenzake wa maskani na kupiga kiasi kilekile alichokuwa akipiga, pumzi inazimika. Ndivyo inavyowatokea hata waliotoka jela, na hata waliotoka soba hausi, zile nyumba za upataji nafuu, wakiwa na matumaini tele. Kwa hiyo mtu wenu akishaacha, siku ya kurudi nyumbani isiwe siku ya kulegeza macho. Mwambieni wazi, bila kumtisha wala kumsuta: "Ukija ukateleza, kiasi cha zamani kitakuua."

Njia iliyo salama zaidi ya kutoka kwenye unga inaitwa methadoni. Ni dawa ya kunywa. Mtu anafika kliniki kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anakwenda zake. Hukaa mwilini kwa saa 24 au zaidi, inazuia arosto, na ikipimwa vizuri haimpi ule usingizi wa kusimama. Tanzania ilianza kuitoa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha kliniki za mikoani. Zanzibar hutolewa Kidongo Chekundu. Kenya ilianza mwishoni mwa mwaka 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata huduma ikafika Pwani, ikiwemo Malindi. Kwenye kliniki hizi za serikali dawa haiuzwi. Nyingi hupima pia VVU na kifua kikuu, na kuwaanzishia matibabu wanaokutwa navyo.

Mtasikia watu wakisema methadoni ni kubadilisha ulevi mmoja kwa mwingine. Msikubali maneno hayo yawarudishe nyuma. Mtu aliyekuwa akijidunga mara tatu nne kwa siku, akiiba na kulala mitaroni, sasa anakunywa dawa mara moja, anashinda kazini, analala na watoto wake. Matibabu huchukua muda mrefu, kwa wengi ni miaka, na kupunguza dozi kunapangwa na daktari. Jambo moja tu kuhusu usalama: anayetumia methadoni asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi. Vikikutana, pumzi inaweza kusimama.

Na wewe mdogo wangu uliye mjamzito huku unatumia unga, usijikatize mwenyewe kwa kumwonea huruma mtoto. Arosto kali inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kuharibu mimba. Nenda kliniki useme ukweli wote. Wajawazito hupewa methadoni, na mtoto akizaliwa wauguzi hujua jinsi ya kumwangalia.

Akizidisha dozi

Hili lisomeni mara mbili. Mtu aliyezidisha unga, tramadoli au mchanganyiko wake haitiki ukimwita. Anakoroma kwa kina au anapumua mara mojamoja sana, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la pini, midomo na kucha zinageuka rangi ya kijivu au zambarau. Mwite kwa nguvu, msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Asipoamka, tafuteni usafiri wa hospitali saa hiyohiyo. Akiwa bado anapumua, mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimkabe. Pumzi ikikata na kuna anayejua kumpulizia hewa mdomoni, ampulizie hadi msaada ufike. Hospitalini iko dawa iitwayo naloksoni inayoweza kuirudisha pumzi ndani ya dakika chache, na baada ya hapo lazima aangaliwe kwa saa kadhaa, maana nguvu ya naloksoni huisha mapema na ya unga inaweza kurudi.

Huko mtaani mtaambiwa mmnyweshe maziwa. Msifanye hivyo. Mtu asiyejitambua hawezi kumeza, na maziwa yataingia mapafuni. Msimdunge maji ya chumvi, msimwogeshe maji baridi, msimwache "alale tu stimu zimwishe". Na wenzake walio naye wasikimbie kwa kuogopa polisi. Wamfikishe hospitali kwanza.

Pombe na vidonge vya usingizi

Hapa ndipo watu wanaposhangaa. Tunaiogopa heroini, tunaichekea pombe kwa sababu ipo harusini na msibani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Huliharibu ini hadi likakakamaa, hupandisha presha, huongeza hatari ya saratani za koo, ini na matiti. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali, kuanzia Machi 2017, kwa kuwa pombe kali ya bei ya pipi ilikuwa imefika hadi kwenye mifuko ya wanafunzi. Na pombe za kificho zina balaa jingine: methanoli. Hiyo ni spiriti ya viwandani. Mwilini hugeuka sumu inayoshambulia mshipa wa jicho, na mtu hupofuka au kufa. Nairobi mwaka 2000, pombe iliyoitwa kumi kumi iliua zaidi ya watu 100. Mtu akinywa kisha akaanza kusema anaona ukungu, msingoje kuche. Hiyo ni dharura.

Lakini hebu turudi kwenye kuacha. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miezi au miaka, akikatiza kwa mara moja, ubongo uliozoea kutulizwa na pombe hulipuka. Ndani ya siku ya kwanza anatetemeka mikono, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio. Kuanzia hapo hadi siku ya 2 anaweza kuanguka degedege kama mwenye kifafa. Siku ya 2 hadi ya 4 wengine huchanganyikiwa kabisa: anaona wadudu ukutani, anaongea na watu wasiokuwepo, anamkimbia mama yake. Familia ngapi zimesema huyu ana majini, zikampeleka kwa mganga au kumfunga kamba, kumbe ni hali inayotibika hospitalini na inayoua isipotibiwa? Wekeni nia ya kuacha, ndiyo, lakini kwa mlevi wa kila siku aanze na daktari. Hupewa dawa ya kutuliza inayopunguzwa kidogokidogo, pamoja na vitamini B1 kuulinda ubongo. Na kama leo hakuna daktari karibu, ni afadhali apunguze polepole kuliko kukata ghafla huku tayari anatetemeka.

Sheria hiyohiyo inavihusu vidonge vya usingizi: valiamu na ndugu zake, pamoja na vile ambavyo Mombasa vinaitwa bugizi. Wapo wanaovimeza ili walale, wapo wanaoongezea makali ya unga au pombe. Vikichanganywa namna hiyo huzima pumzi. Vikikatizwa ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu huleta degedege kama pombe. Huachwa kwa kupunguza dozi kidogokidogo chini ya macho ya daktari. Na wasichana, vidonge hivihivi ndivyo watu wabaya huwatilia wenzao kwenye vinywaji. Glasi uliyoiacha mezani, ukirudi usiinywe.

Tramadoli nayo imeingia kwa mlango wa duka la dawa. Ni dawa halali ya maumivu makali, ikiandikwa na daktari. Vijana wengine humeza ili wabebe mizigo au waendeshe bodaboda usiku kucha bila kuchoka. Wengine wamedanganywa kwamba inaongeza ubingwa kitandani. Tramadoli ni ukoo mmoja na heroini. Huleta arosto, hupunguza pumzi, na ikizidi huangusha mtu degedege hata kama hajawahi kuugua kifafa. Sharubati za kikohozi zenye kodeini zina tabia hiyohiyo.

Bangi, mirungi na moshi

Najua mtaniambia, "Dada, bangi ni majani tu, Mungu kayaotesha." Nitawajibu kwa haki. Bangi haizimi pumzi kama unga, na wengi walioivuta hawakuwa waraibu. Hata hivyo, takriban mtumiaji mmoja kati ya kumi hunaswa, na wanaoanza wakiwa vijana wadogo hunaswa zaidi, yapata mmoja kati ya sita. Ubongo wa mtu huendelea kukua hadi miaka 25 hivi, na bangi ya kila siku katika umri huo huvuruga kumbukumbu, umakini na hamu ya kufanya jambo lolote. Kwa wenye asili ya magonjwa ya akili katika ukoo, inaweza kufungua mlango wa wazimu: kusikia sauti, kushuku kila mtu, kukesha akizungumza peke yake. Hapo tena watu husema amerogwa. Mpelekeni hospitali, mkiwa pia na maombi yenu. Jihadharini vilevile na keki na biskuti zenye bangi. Iliyoliwa huchelewa kupanda, hata saa 2, kwa hiyo mtu hudhani haijafanya kazi, akaongeza, na baadaye ikamlemea. Anayeacha bangi atakuwa na hasira, atakosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki moja au mbili. Kwa kawaida anaweza kuvuka akiwa nyumbani, mkimvumilia.

Mirungi Tanzania ni kosa kisheria. Kenya inauzwa sokoni kama miraa, na nduguye muguka, watu wa Mombasa husema mogoka, hulimwa huko Embu. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilijaribu kuzuia mogoka usiingie, mahakama ikasimamisha amri hiyo huku wakulima wakililia mashamba yao na akina mama wa Pwani wakililia watoto wao. Mimi naongea afya tu. Ndani ya majani hayo kuna kemikali inayoamsha mwili: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, njaa inakata, choo kinakuwa kigumu, usingizi unakimbia. Na hapo ndipo mtego ulipo. Akishakesha siku nzima mdomo umejaa, anatafuta kitu cha kumshusha: bia, bangi, valiamu. Tatizo moja limezaa la pili. Akiacha mirungi atalala sana, ataota ndoto mbaya, atakuwa mnyonge wa roho. Haihitaji dawa nzito, lakini akianza kusema hataki kuishi, msimwache peke yake na msichelewe hospitali.

Kokeini na methamfetamini ni za ukoo huo wa kuamsha, ila zina makali mara nyingi zaidi. Zinaweza kuleta shambulio la moyo kwa kijana wa miaka 25, na mtu anayekaa siku kadhaa bila kulala huanza kuona maadui kila kona.

Kwenye moshi nitapita haraka. Tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 duniani kila mwaka, na wengine wao hawakuwahi kushika sigara, waliishi tu na mvutaji. Wale wanaosema shisha haina neno kwa kuwa moshi unapita kwenye maji, wajue maji hayachuji sumu. Kikao cha saa moja humwingizia mtu wingi wa moshi mara 100 au zaidi ya ule wa sigara moja, pamoja na gesi ya mkaa inayomnyima hewa safi. Ugoro na kuberi zinazowekwa chini ya mdomo zina nikotini na huleta saratani ya kinywa.

Kuna watoto wetu wa mitaani wanaonusa gundi ili wasisikie njaa na baridi. Mvuke wake huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na unaweza kuusimamisha moyo ghafla, hasa mtoto akishtuliwa au kukimbizwa. Ukimkuta ananusa, usimkurupushe. Msogelee taratibu, zungumza naye, mpe chakula.

Sasa utaanzaje kumwambia?

Chagua saa ambayo hajalewa wala hana arosto. Mwite kando, usimwanike mbele ya wajomba wala kwenye kundi la familia la WhatsApp. Anza na ulichokiona kwa macho yako: "Umekonda, hulali, na vijiko vinapotea jikoni. Sikuja kugombana. Nataka kujua unatumia nini ili tujue pa kwenda." Kisha muulize mambo manne, na uyakumbuke: anatumia nini, kwa njia gani, mara ya mwisho lini, na anachanganya na nini. Majibu hayo manne ndiyo mhudumu wa afya atakayoyahitaji kuliko kitu kingine chochote. Akikataa kukujibu, mwachie neno la kufungua mlango: "Siku ukiwa tayari, hata saa 8 za usiku, niamshe." Halafu timiza.

Fedha mkononi usimpe. Mpe chakula, mlipie nauli ya kliniki, mfuate hadi mlangoni. Mama mwenye huruma anayenunua kete ili mtoto asiibe kwa jirani, ninamwelewa na sina la kumsuta. Ila asubuhi ya kesho yake amshike mkono waende kliniki pamoja. Kama unajua maskani yake, ulizia asasi zinazowafikia watumiaji huko. Wahudumu wao wengi wametoka kwenye unga wenyewe, na huwasindikiza watu hadi kwenye methadoni.

Kabla ya kumpeleka nyumba ya upataji nafuu, ifikeni kwanza na muulize: imesajiliwa? Kuna muuguzi? Mnafanyaje kwa mlevi wa pombe siku tatu za mwanzo? Mahali panapomfunga mtu mnyororo, panapompiga au panapomnyima dawa zake za VVU, msimwache hapo hata usiku mmoja.

Akirudia, msiseme yote yamepotea bure. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi, kama ilivyo kwa presha na kisukari, na wengi waliopona walijaribu zaidi ya mara moja. Kila siku aliyokaa bila kujidunga ilikuwa siku ya kweli. Mrudisheni kliniki haraka, kabla aibu haijamfukuza nyumbani.

Na wewe unayemuuguza, jilinde. Funga nyaraka na vito mahali salama. Kama ni mume au mpenzi wako na anajidunga, pima VVU na homa ya ini, tumia kondomu. Akikupiga, ondoka, ugonjwa wake haukupi wajibu wa kufa naye. Mtafute mtu mmoja wa kumweleza, awe shangazi, sheikh, mchungaji au rafiki, kwa sababu siri hii ukiibeba peke yako itakuvunja kabla yake.

Kama mtumiaji ni wewe mwenyewe unayesoma hapa, mdogo wangu, sina ghadhabu nawe. Leo usitumie ukiwa peke yako chumbani umejifungia. Usichanganye. Sindano usiazime wala usiazimishe. Na kabla ya kuacha, jiulize uko kundi gani: pombe na vidonge vya usingizi, mwone daktari kwanza; unga na tramadoli, nenda kliniki yenye methadoni; bangi, mirungi na tumbaku, unaweza kuanza leo hii, ukiwa na mtu wa kukushika mkono.

Walio Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupatikana bila malipo kwa namba 119. Walio Kenya, laini ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, nayo ni bure. Huhitaji kumtaja mtu kwa jina ili upewe ushauri. Wiki hii kila aliye na mgonjwa wa aina hii nyumbani apate jibu la lile swali la kwanza, anatumia nini, kisha apige simu akiwa nalo mkononi.